Naomba ushauri: nataka kuuza mbegu za maharage Kasulu

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nalima maharage hapa Kasulu. Msimu uliopita majirani walinunua mbegu dukani, nyingi zikagoma kuota. Mimi nilipanda zangu za akiba, nilizochambua kwa mkono jioni baada ya jioni, nikitoa zilizosinyaa na zenye matundu ya fukusi. Kabla ya kupanda nilihesabu punje 100, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi, zikaota 92. Tangu hapo watu wanabisha hodi na visado mkononi.

Maharage yanajichavusha yenyewe, hivyo mbegu yake haipotezi sifa upesi kama ya mahindi chotara. Mambo ya mbegu za kuazimiwa ubora, yaani zile zinazozalishwa na wakulima wadogo kama mimi, nimeshaelezwa, kwamba TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, lazima wakusajili na wakague shamba. Hapo sina ubishi.

Kinachonitatiza ni pesa. Nikivuna, mnunuzi wa maharage ya kula yuko mlangoni na ada za shule zinanisubiri, wakati mbegu inabidi ilale ghalani hadi msimu ufike. Halafu mteja anakuuliza, "Mama, mbona ghali, si maharage yaleyale ya sokoni?" Mume wangu naye anauliza hivyohivyo, na huyo ndiye mgumu kuliko wote.

Mliowahi kuuza mbegu, mlianza na ekari ngapi? Mlikopesha au taslimu tu? Na zikishapakwa dawa hazifai tena kuliwa. Zilizobaki mlizipeleka wapi?