Kabati lililofungwa vipande: mbao au kabati? Tujadiliane

Assalaam alaykum wenzangu. Suala hili limetugawa barazani wiki nzima: maamuzi ya forodha kuhusu bidhaa ipi inaingia kifungu gani cha ushuru yatangazwe kwa kila mtu, tena kwa Kiswahili, au yabaki baina ya ofisa na wakala wa kutoa mizigo? Mimi nasema yatangazwe.

Yaliyonikuta ni haya. Nilileta makabati ya nguo yaliyofungwa kwenye maboksi, milango mbali, mbavu mbali, skrubu ndani ya vifuko. Wakala akaandika mbao zilizokatwa. Mzigo ulipofunguliwa bandarini Malindi, hapa Unguja, ofisa akasema haya ni makabati, na samani zimo katika ushuru wa asilimia 35, kile kiwango cha juu kilichoanza Julai 2022 kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Nilibishana naye asubuhi nzima. Nilipokwenda kusoma nikakuta haki ni yake. Orodha ya kimataifa ya bidhaa, HS, ina kanuni sita za kuifasiri, na ya pili inasema kitu kilicholetwa kimefunguliwa vipande huhesabiwa kitu kizima.

Kosa langu nimelilipia. Kinachoniuma ni kwamba ningelijua mapema nisingeagiza kwa bei ile. Mfanyabiashara mdogo hupiga hesabu kabla kontena halijapakiwa. Akija kuambiwa bandarini, muuzaji ameshalipwa, nauli ya meli imeshalipwa, na kila siku ya mabishano gharama za kuhifadhi mzigo zinapanda.

Njia zipo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamruhusu mwagizaji kuomba uamuzi wa awali, yaani kuambiwa kifungu cha bidhaa yake kabla mzigo haujafika, na asiyeridhika na uamuzi wa forodha ana siku 30 za kuomba upitiwe upya. Waulizeni wenye maduka Darajani na Chake Chake ni wangapi wamepata kusikia hayo.

Mzee mmoja barazani, aliyefanya uwakala miaka mingi, ananipinga: ukitangaza maamuzi unawafunza wajanja maneno ya kuandika. Hoja yake nimeilalia na kuiamkia. Lakini mjanja ana wakala hodari na mwanasheria. Maneno hayo anayo zamani. Anayeumia ni mama anayeleta maboksi kumi kutoka Dubai kwa mtaji wa kukopa. Na siri inazaa baya zaidi: bidhaa ile ile, mwezi huu kifungu hiki, mwezi ujao kifungu chengine, na hapo ndipo mazungumzo ya pembeni yanapopata mlango.

Wapo wanaotaka Zanzibar iwe na orodha yake peke yake. Hapo siko nao. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, viwango ni vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kanuni za HS zinatumika karibu dunia nzima.

Ninachotaka ni kidogo: jina la mwagizaji lifichwe, bidhaa ielezwe kwa Kiswahili cha dukani, kifungu kitajwe na sababu yake iandikwe.

Mnaotoa mizigo Malindi na bandari ya Mkoani kule Pemba, mmewahi kupewa vifungu viwili kwa bidhaa moja? Na nyinyi mawakala, nambieni khasa mnachohofia maamuzi haya yakiwekwa wazi.