Anayekodisha bango la ukandarasi ashtakiwe kabla ya fundi?

Wakuu, mwezi uliopita nilipita saiti moja huku kwetu Kinyerezi. Ghorofa tatu inapanda, na getini bango limesimama safi: jina la mkandarasi, daraja, namba ya usajili, simu. Nilikuwa natafuta mtu wa kunijengea ukuta wa mawe upande wa korongoni, nikapiga. Akapokea mzee mstaarabu kabisa. Nikamwambia nimeipenda kazi yake ya Kinyerezi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kinyerezi ipi?"

Bango lake, kazi si yake. Wengi mliojenga Dar mnaijua biashara hii hata kama hatuisemi mezani. Tangu Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya 1997, kazi ya ukandarasi ni ya aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kila daraja, kuanzia la saba kupanda hadi la kwanza, lina kikomo cha thamani ya kazi anayoruhusiwa kuishika. Mwenye kiwanja tayari ana fundi wake aliyemjengea banda la uani na nyumba ya mama kijijini. Hataki mkandarasi, anataka karatasi za mkandarasi. Basi anatafutiwa mtu, wanaelewana bei, mhuri unagongwa, bango linapigwa misumari. Mwenye bango anarudi kwake. Msingi ukichimbwa hayupo, nondo zikifungwa hayupo, zege likimwagwa hayupo.

Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa liliporomoka Kariakoo. Tunakumbuka watu walivyokuwa wakizungumza na waokoaji kutoka chini ya kifusi. Baadaye watu waliotajwa kuwa wamiliki walifikishwa mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Sisemi jengo lile lilikuwa na bango la kukodi. Kesi ina mahakama yake. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile tunabishana mwenye nyumba au fundi, fundi au mwenye nyumba, na yule wa katikati hatumgusi.

Hoja yangu ni hii. Fundi aliuza nguvu na ujuzi wake. Mwenye nyumba ametia pesa zake. Mwenye bango aliuza kitu kimoja tu, dhamana, na dhamana yenyewe hakuitoa. Jengo likianguka, yeye ndiye awe wa kwanza kupandishwa kizimbani. Najua humu wamo wenye mabango. Karibuni.

Fundi, Mbagala

Ahsante kwa kutuonea huruma mkuu, lakini fundi usimfanye mtoto. Mimi nina miaka 22 kwenye zege. Najua nguzo hii inataka nondo ya milimita 16. Bosi analeta ya 12, anasema mbona jirani ametumia hizo hizo. Nikikataa, kesho namkuta mwingine saiti na vifaa vyangu viko nje ya geti. Mwaka juzi tulimwaga slabu, siku ya nane bosi anapiga simu kutoka Dubai, toeni mbao na mirunda inayoshikilia slabu, ni za kukodi, zinalipiwa kwa siku. Nilimwambia tusubiri hata siku 21. Akasema ninamtia hasara. Nikaacha mirunda michache ya katikati kwa siri, nikalipia siku zilizobaki mfukoni mwangu. Bango lilikuwepo. Tulikuwa tunaanikia mashati.

Mkandarasi daraja la saba, majengo

Nitasema ukweli kwa sababu hapa hamnijui. Nimekodisha mara mbili. Ada ya mwaka Bodi inanisubiri niwe na kazi nisiwe nayo. Kazi niliyomaliza ya taasisi moja, cheti cha malipo, yaani karatasi ya kuidhinisha nilipwe, kimelala ofisini kwao mwaka na miezi. Benki haisikilizi hadithi za cheti. Anakuja mtu na pesa taslimu anataka jina tu. Ungefanya nini?

Sijitetei. Ila fikirini na upande huu: mkitufunga sisi, wenye nyumba hawatakwenda kwa mkandarasi wa kweli, watajenga bila bango kabisa. Leo angalau michoro inapita mikononi mwa mhandisi. Kesho hata hiyo itakosekana.

Mwenye mada

Mzee, michoro ikipita kwa mhandisi halafu saiti inafuatwa ya kichwani kwa bosi, imemsaidia nani? Hata hivyo hoja yako ya malipo naichukua. Serikali inayochelewesha cheti haiwezi kushangaa mkandarasi akiuza jina.

Mchangiaji, Ilala

Mnazunguka mbuyu. Kibali kimetoka wapi? Machi 29, 2013, ghorofa 16 lilidondoka mtaa wa Indira Gandhi, watu 36 wakafa. Kibali kilielezwa kuwa cha ghorofa 10. Ghorofa sita za ziada hazijengwi usiku mmoja, na pale ni katikati ya mji, si shambani. Kuna watu walilipwa mshahara kupita pale na kutazama juu. Anzieni kwao.

Kutoka Mombasa

Huku kwetu hali ni ile ile, jina tu tofauti. Tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi chini ya sheria ya 2011, na kontrakta lazima asajiliwe. Mjengo wa Huruma, Nairobi, ulioanguka usiku wa Aprili 29, 2016, ulikuwa umeshawekwa alama ya kubomolewa. Watu walikuwa wanalipa kodi ndani ya nyumba yenye alama ya X. Kwa hivyo nauliza, hata tukimshika mwenye bango, ni nani wa kusimama pale na nyundo siku ya kubomoa?

Wakili, Mwanza

Niongeze jambo ambalo wenye nyumba humu hawalijui, na linawauma wao kuliko mwenye bango.

Ukikodi jina, huwa mnasaini mkataba wa ujenzi wa kuonyesha ofisini, na pembeni mna makubaliano ya mdomo kwamba hatajenga. Mkataba wa mdomo kwa sheria zetu ni mkataba, hilo halina tabu. Tabu ni kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba: makubaliano ambayo lengo lake ni haramu, au yanayokwepa sheria, ni batili. Sasa nyumba inapasuka ukuta mwaka wa pili. Kwa kawaida una miaka sita ya kufungua madai ya mkataba. Unamdai nani? Fundi hana kitu cha kukamatwa. Mwenye bango atasema, mwanasheria mwenzangu akimsaidia, kwamba wewe mwenyewe ulikuwa sehemu ya mchezo. Hakimu atakuuliza ulimwona lini saiti, na malipo ya kila hatua ulimlipa nani. Stakabadhi zote zina jina la fundi.

Mimi nimekaa na mteja wa namna hiyo. Mama mstaafu, kiinua mgongo chote kimo kwenye ghorofa moja yenye ufa unaoingiza kidole. Alilipia jina akidhani ananunua ulinzi. Kumbe alinunua karatasi iliyomfungia mlango wa mahakama.

Kuhusu mada: kwenye jinai, kumshtaki mwenye bango inawezekana, lakini mwendesha mashtaka lazima aonyeshe kwamba uzembe wake ndio uliochangia vifo. "Sikuwepo" ndiyo utetezi wake, na kwa maoni yangu ndiyo iwe hatia yake. Ingekuwa rahisi zaidi sheria ikitamka wazi kwamba jina lililo kwenye bango linahesabiwa lipo saiti.

Fundi, Mbagala

Wakili hapo umenena. Sasa andikeni na jina la fundi kwenye bango. Mbona sisi hatuandikwi? Nikiandikwa, bosi akinipigia nitoe mbao siku ya nane nitamwambia jina langu liko getini.

Mwenye mada

Hili la fundi kuandikwa sikuwa nimelifikiria, na nakiri ni bora kuliko hoja yangu niliyoanza nayo. Lakini sijaiacha. Wa manispaa aliyefumba macho, mwenye nyumba aliyebadili nondo, wote waulizwe. Nasema tu foleni ianze na yule ambaye sheria ilimwamini.

Mmoja amenifuata pembeni akauliza kwa nini sijatoa taarifa Bodi kuhusu saiti ya Kinyerezi. Nimetoa, na picha ya bango nimewapelekea. Jumamosi wamemwaga slabu ya pili. Dirisha langu la jikoni linaona mirunda yote, nahesabu siku. Ikianza kutolewa kabla ya wiki tatu, nampigia tena yule mzee, na safari hii namwambia Kinyerezi ipi.