Mrejesho: neno "mbuni" kwenye kamusi elezo

Wadau, nimerudi. Niliuliza neno "mbuni" likiwa peke yake lifungue ukurasa upi: ndege, mti wa kahawa, au mtu anayebuni mitindo. Wengi mlisema ndege, na mimi nilielemea huko huko, kwani ndiye ndege mkubwa kuliko wote walio hai na kila mtoto wa shule anamjua.

Kilichonibadilisha ni viungo, yaani maneno unayobonyeza yakakupeleka ukurasa mwingine. Nilifungua makala ya kilimo cha kahawa, nikabonyeza "mbuni", nikatua kwenye picha ya ndege mwenye shingo ndefu na vidole viwili mguuni! Mkulima wa Moshi au Bukoba akikutana na hilo ataona tumemdharau. Kwake mbuni ni shamba, ni ada ya watoto.

Basi tumekubaliana neno tupu lifungue ukurasa wa maana, yaani unaoorodhesha maana zote za neno, kisha msomaji achague: Mbuni (ndege), Mbuni (mti), Mbuni (mtu). Aliyenikumbusha wingi, asante sana: mbuni wale, mibuni ile, wabuni wale. Nimeuweka juu kabisa ya ukurasa. Sasa narekebisha viungo vya zamani kimoja kimoja. Nimeanza na makala za kahawa.