Tai anachukua wanambuzi ranchini: nifanye nini bila kuvunja sheria?

Mfugaji wa Laikipia:
Nawasalimu nyote. Ninasimamia ranchi ya familia upande wa kaskazini wa Laikipia, ambako tunafuga mbuzi wa Galla na kondoo wa Dorper. Tangu majike waanze kuzaa kwa wingi, wachungaji wananiarifu kwamba tai anashuka na kuchukua wanambuzi wachanga, na juzi nilionyeshwa mzoga wenye matundu mgongoni ulioliwa upande mmoja tu. Tai mwenyewe nimemtazama kwa darubini akiwa juu ya mgunga: kichwa na kifua ni kahawia iliyokolea, tumbo ni jeupe lenye madoadoa. Jirani ananishauri niutie mzoga dawa ya wadudu na kuuacha hapo hapo. Ninajua kwamba hilo ni kosa, lakini hasara nayo ni yangu. Je, ipo njia halali inayofaa, na je, Serikali hulipa fidia?

Daktari wa mifugo, Nanyuki:
Ndugu, kabla ya kumhukumu tai, mzoga uchunwe. Tai akiua, vidole vya mbele huacha matundu mawili au matatu, na ukucha wa kidole cha nyuma huacha tundu jingine upande wa pili. Ukibandua ngozi utaona damu imevilia kuzunguka matundu hayo, kwa kuwa mnyama alikuwa hai alipopigwa. Bweha kwa kawaida hung'ata kooni au chini ya taya, na meno yake huacha matundu mawili mawili. Usipoona damu iliyovilia mahali popote, basi mnyama alikuwa amekwisha kufa, na tai alikuja kula tu.

Tazama pia kwato. Mtoto aliyezaliwa mfu, au aliyekufa kabla ya kusimama, bado huwa na utando laini chini ya kwato ambao huchakaa mara anapoanza kutembea. Kata kipande cha pafu ukitie majini: pafu lisilowahi kuvuta pumzi huzama. Kisha fungua tumbo uone kama kuna maziwa. Mizoga mingi ninayoletewa kama kazi ya tai ni ya watoto waliokosa maziwa au waliopigwa na baridi ya usiku, na dawa ya hasara hiyo iko katika kuwatunza majike, haiko kwa tai aliye mtini. Vaa glavu unapofanya kazi hii, kwa maana brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, hauna mzaha.

Mhifadhi wa ndege, Kajiado:
Kwa maelezo yako, huyo ni Polemaetus bellicosus (kwa Kiingereza martial eagle), tai mkubwa kuliko wote wa savana zetu, ambaye tangu mwaka 2020 yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hutaga yai moja, na mara nyingi hupitisha mwaka bila kuzaa, hivyo jozi ikiuawa pengo halizibiki upesi. Mwenyewe ana uzito wa kilo 3 hadi 6, na kwa sababu hiyo anayewindwa zaidi ni mwanambuzi mchanga. Wiki za kwanza ndizo za kulindwa. Majike wazalie karibu na boma, watoto wabaki kwenye kizizi chenye paa la wavu au matawi ya miiba mama zao wanapokwenda malishoni, na wanapoanza kutoka wafuatane na mchungaji mtu mzima. Ukipanga upandishaji ili majike wazae kwa pamoja, kipindi cha hatari kitakuwa kifupi. Kondo za nyuma na mizoga vifukiwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa ndivyo vinavyowazoesha ndege kuzunguka zizi.

Kuhusu sumu, nakusihi usimsikilize jirani. Mzoga mmoja uliotiwa karbofurani, dawa kali ya kuua wadudu, unaweza kuua tumbusi kwa makumi, pamoja na fisi, mbwa wako na hata mtu atakayeokota nyama hiyo. Mwaka 2009, baada ya simba kuuawa kwa njia hiyo hapa Kenya, watengenezaji wa Furadan, jina la kibiashara la karbofurani, walilazimika kuinunua tena kutoka madukani.

Mfugaji wa Laikipia:
Nashukuru. Je, sanamu za kutishia zinasaidia? Na fidia je?

Mzee wa mifugo, Isiolo:
Kijana wangu, sanamu ni ya siku chache. Tai akishaona kwamba haihami, atatua juu yake. Mimi ninaamini mbwa aliyekuzwa ndani ya zizi tangu akiwa mdogo, akawaona mbuzi kuwa ndio jamaa zake. Wenzetu wa Namibia wamekuwa wakipewa mbwa wa namna hiyo tangu 1994, ingawa wale walikusudiwa kuzuia duma.

Mhifadhi wa ndege, Kajiado:
Juu ya fidia, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeorodhesha wanyama ambao madhara yao kwa mifugo hulipiwa, kama simba, chui na fisi, na tai hayumo. Kwa maoni yangu hilo ni pengo, maana mfugaji anatakiwa kumvumilia ndege huyu kwa gharama yake mwenyewe. Hata hivyo, piga picha za ngozi iliyobanduliwa, andika tarehe na mahali, upeleke taarifa katika kituo cha KWS (Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya) kilicho karibu nawe. Kiota usikiguse, wala mti wake usiukate.