Nimepewa ukurugenzi wa tiba hospitali ya watoto, naogopa kuiacha wodi. Naombeni ushauri

Wakuu, habari za humu. Mimi ni daktari bingwa wa watoto, mwaka wa 11 huu niko wodini. Bodi imeniita, inanitaka niwe mkurugenzi wa tiba: bajeti, ratiba za zamu, malalamiko ya wazazi, vikao. Usiku wa siku hiyo nilikuwa zamu na mtoto wa miezi 8 aliyeharisha siku tatu. Macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Tulihangaika kupata mshipa. Alfajiri akaanza kulilia titi la mama yake. Kazi ninayoijua na kuipenda ni hiyo. Lakini nikikataa, huenda akaletwa mtu asiyejua watoto. Nifanyeje?

Mganga Mstaafu:
Hongera, mdogo wangu. Kiti hicho nilikikalia miaka 9. Nilikosea kuacha kliniki kabisa. Wodi nikawa naijua kwa ripoti tu, na kwenye ripoti kila kitu kinakwenda vizuri. Siku yako ya kliniki iandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini. Charles West aliifungua hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, mwaka 1852 ikiwa na vitanda 10, na akawa anatibu humo humo.

Sista wa Zamu:
Daktari, mimi ni muuguzi wa watoto. Dozi zetu ni kwa kilo, nukta ikihama nafasi moja tu mtoto kapata dawa mara 10. Yalitukuta usiku mmoja, wauguzi wawili kwa watoto zaidi ya 30, mizani mbovu, uzito tunaukisia kwa macho. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Mwenzetu akasimamishwa kazi, na hakuna aliyeuliza habari ya mizani. Baadaye tukapata mkurugenzi aliyekuwa daktari wa watoto. Wiki ya kwanza alikuja usiku, akakaa nasi hadi asubuhi. Mizani ikaja, kila dozi ya hatari ikawa inahakikiwa na watu wawili, na anayeripoti kosa lake haadhibiwi kwa kuripoti. Tafadhali kubali.

Mpima Maji:
Uliza kwanza: ajira ya wauguzi na ununuzi wa oksijeni ni saini ya nani? Kama si yako, umepewa lawama bila rungu. Ukishaingia, anzia mlangoni. WHO inaelekeza watoto wapangwe mara wanapofika: wa dharura, wa kipaumbele, na wanaoweza kusubiri. Anayepumua kwa shida au mwenye degedege asikutwe kwenye foleni ya kadi.

Mwenye uzi:
Asanteni sana. Kesho napeleka barua: Jumanne ni kliniki yangu, na ajira ya wauguzi ipite kwangu. Wakikataa hilo la pili, nabaki wodini. Sista, yule mwenzenu alirudishwa?

Sista wa Zamu:
Alirudi baada ya miezi 4. Sasa ndiye anayewafundisha wapya kukokotoa dozi.