Forester SG5: shokapu na springi zipi, laini au za kukaa barabarani?

Mpanda_Usambara: Wakuu, nina Subaru Forester SG5 ya 2005. Nyuma imelala hata bila mzigo, nikipakia familia inasugua kila tuta. Dar nataka gari laini, maana mama mkwe anaumwa mgongo. Lakini nikitoka Mombo kupanda Lushoto, kwenye zile kona linalala upande mpaka naogopa. Nimeshauriwa hivi: shokapu za kawaida za KYB Excel-G na springi zilezile, au spesa (vipande vya kuinulia gari), au shokapu ngumu aina ya Bilstein B6 na springi ngumu. Nichukue lipi?

Fundi_Gerezani: Mkuu, usitoe hela kwanza. Lala chini utazame shokapu za nyuma. SG5 nyingi za Japani zilikuja na zile zinazojipandisha: ukipakia nyuma inashuka, ukitembea kidogo inainuka yenyewe. Springi zake ni laini makusudi, kwa sababu shokapu nayo inabeba sehemu ya uzito. Ikichoka, nyuma inakaa. Sasa ukifunga Excel-G ukaacha springi hizo, gari litabaki limekaa vilevile, kwani shokapu ya kawaida kazi yake ni kutuliza springi, siyo kubeba gari. Watu wanarudi dukani kugomba kwamba wameuziwa feki, kumbe springi ndiyo haikubadilishwa. King Springs za Australia wanatengeneza springi za nyuma za kubadilishia mfumo huo.

Dada_Gia: Naunga mkono. Spesa achana nazo. Ile inayokaa juu ya maunti (pale shokapu inapofungwa kwenye bodi) inainua bodi tu, springi ni ileile na udhaifu uleule. Tena sivi jointi (viungo vya ekseli vinavyozungusha magurudumu) zinakaa kwenye pembe kali na buti zake za mpira zinachanika mapema.

Rafurodi: Mimi nakaa kijijini, kwangu shokapu ya mrija mmoja kama B6 ndiyo mpango mzima. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, saa nzima, inapoa vizuri na haipotezi nguvu. Ila niseme ukweli, mjini kila kipasuko cha lami unakisikia. Mama mkwe hatakushukuru.

Fundi_Gerezani: Ndiyo maana kwake nasema Excel-G zote nne, na springi za nyuma zenye ugumu wa kawaida, zisizoinua sana. Ukiinua sana unarudisha kulala kwenye kona. Kagua pia bushi (mipira) za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, na linki zake, hapo ndipo gari nyingi zinapoyumbia na mwenye gari anasingizia shokapu. Upepo wa tairi fuata kibandiko cha mlangoni. Ukimaliza, alaimenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo.

Mpanda_Usambara: Asante sana wakuu. Nimechungulia, shokapu za nyuma zimelowa mafuta zote mbili. Naanza kutafuta springi. Linki za mbele zinagonga pia, nazibadilisha pamoja?

Fundi_Gerezani: Pamoja. Kulia na kushoto.