Mama aliyenihifadhi Konde kakataa pesa zangu, nimshukuruje?

BintiNakuru
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni Mkenya, niko Pemba kwa kazi ya kujitolea, tunapanda mikoko upande wa Micheweni. Siku moja homa ilinishika tukiwa matopeni. Nilipofika Konde magharibi ilishaingia, gari za kurudi mjini Chake Chake zimekwisha, nami natetemeka. Nikaketi barazani kwa watu nisiowajua. Mama mwenye nyumba akatoka, akanigusa kipaji cha uso, hakuniuliza jina wala dini. "Ingia ndani, mwanangu."

Alinipa kitanda cha bintiye, akanipikia uji wa mchele, na alfajiri akamwamsha kijana wake anipeleke kwa pikipiki nikapimwe. Akaniuguza kwake mpaka nikaweza kula. Siku ya kuondoka nikamtolea pesa. Akanifumba kiganja zikiwa mle mle, akasema nimwombee dua tu.

Nimekaa na hili moyoni. Mwisho wa mwezi narudi kwetu, na nataka kumpa kitu cha maana ambacho hatakiona kuwa ni malipo. Watu wa Pemba, nisaidieni.

Kijana_Darajani
Mtumie kwa simu, kimya kimya. Zikishaingia atazirudishaje?

BiMchambuzi
Hapo napinga, mwanangu. Ukimtumia kwa simu utamkosesha raha, atajiona kama kauza uji.

Nenda kamtembelee. Usiende mikono mitupu: chukua sukari, majani ya chai, unga wa ngano. Doti ya kanga nayo njema, ila usome kwanza jina la kanga, yale maandishi yake. Zipo kanga za vijembe, na hizo hapelekewi mtu mzima. Wakikuletea chakula, kula.

Tena huu msimu wa karafuu. Kama wanazo, keti naye jamvini mchambue. Karafuu ikishachumwa lazima itolewe kwenye makonyo, vile vijiti vyake, kwa mkono, kisha ianikwe juani. Ikirundikwa mbichi huharibika rangi na bei hushuka. Kazi hiyo huenda mpaka usiku na vidole huuma. Wakati huu mtu wa kukusaidia kuchambua huwezi kumsahau.

BintiNakuru
Ahsante sana Bi. Mikarafuu ipo, nyuma ya nyumba. Na kuna jambo jingine: mama yule alinitajia kaka yake aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi, Kenya zamani, akabakia Shimoni, pwani ya Kwale. Hawajaonana miaka mingi. Aliposikia natoka Kenya, hilo ndilo la kwanza alilonieleza.

MkojaniWaBahari
Dada, basi zawadi unayo. Sisi Wakojani, watu wa kisiwa cha Kojani, dago tunalijua: mtu anaondoka na wenzake kwenda kupiga kambi ya uvuvi, miezi inapita, wengine wanaoa huko huko. Wapemba wengi wa Kwale na Kilifi waliishi bila vitambulisho mpaka Kenya ilipowatambua mwaka 2023, na bila kitambulisho kuvuka mpaka ni taabu. Huenda kaka alitamani kuja akashindwa.

Mwombe mama jina la kaka, la baba yao na la kijiji walichozaliwa. Ukifika Kenya shuka Shimoni, uulize kwa wavuvi wazee na msikitini. Wapemba wanajuana kwa vijiji.

BiMchambuzi
Nakuunga mkono Mkojani, lakini dada, usimwahidi mama kwamba utampata. Mwambie utamtafuta, basi. Pengine keshafariki, pengine ana yake yaliyomfanya anyamaze. Ukimwona, zungumza naye kwanza peke yake, umuulize kama anapenda kusemeshwa na dadaye. Akiridhia ndipo upige simu ya video, uwaachie wenyewe wazungumze.

Kijana_Darajani
Nafuta ya simu. Hili la Shimoni ni kubwa kuliko pesa yoyote.

BintiNakuru
Nimelia nikisoma. Naenda wiki hii na sukari na kanga, na daftari la kuandikia majina. Bi, niende saa ngapi?

BiMchambuzi
Baada ya alasiri, jamvi lishatandikwa. Asubuhi hutomkuta mtu, wote wako mikarafuuni.